Kidani cha Mwanamke Aliyerudi Baharini

Mama aliondoka nikiwa na miaka sita. Baba yangu, Fiachra, sonara wa vidani vya fedha hapa Carna, kijiji chetu cha pwani, alishindwa kuniambia ukweli. Nilipomuuliza, alisema mama amerudi baharini.

Kwetu kila mtoto aliijua hadithi hiyo. Sili, mnyama wa baharini mwenye ngozi laini, huja ufukweni, akavua ngozi yake, akawa mwanamke. Mvuvi akiificha ile ngozi, atamwoa na watazaa. Siku mke akiipata ngozi yake, hurudi majini bila kutazama nyuma. Nikaamini. Kila nikitoka shule nilikwenda miambani kuwaita sili kwa jina la mama: "Nóirín! Nóirín!" Wenzangu walinicheka. "Sadhbh, si umpelekee mamako samaki!"

Tangu hapo baba hakutengeneza kingine ila vidani vya mwanamke yule wa hadithi, ngozi kiunoni, uso ameugeuza. Nilipofika miaka kumi na miwili, jirani aliropoka: mama alimfuata fundi umeme wa mji wa Cork. Sikumwambia baba. Nikajifunza kazi yake, tukakaa meza moja miaka ishirini, kila mtu akimfichia mwenzake.

Jumamosi moja ya Machi aliingia msichana mwenye koti jekundu.

"Mnauza kile cha mwanamke na ngozi? Mamangu anakitaka. Kasema hapahapa, si pengine."

"Kwa nini hapa?"

"Sijui, dada. Ana saratani, kalazwa hospitali kuu Cork. Mgonjwa wa hivyo humuulizi kwa nini."

"Anaitwa nani?"

"Nóirín."

Tupa ya baba, iliyokuwa ikikwaruza fedha pale mezani, ikanyamaza. Aliinuka, akachagua kidani, akanisukumia pamoja na karatasi. Nikafunga mimi. Msichana, aliyejitaja kuwa Clíona, alitoa pochi. Baba akatikisa kichwa.

"Mwambie..." Akatazama dirishani. "Mwambie bahari imetulia huku."

"Imetulia wapi, mzee? Mawimbi nusura yanibebe pale nje!" Akacheka, akashukuru, akaenda.

Nilipofunga mlango nikasema, "Baba, nilijua siku nyingi."

"Nami nilijua unajua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwenye hadithi hakutukimbia, mwanangu. Aliitwa na bahari."

Akainama mezani akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake.

Jumatatu nilipanda basi la alfajiri kwenda Cork. Nilimkuta Clíona nje ya wodi, macho yamevimba.

"Dada wa dukani? Umefuata nini huku?"

Nikamweleza kwamba Nóirín ni mama yangu pia. Alinitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu.

"Amefariki asubuhi hii," akasema. "Na hakuwahi kusema ana mtoto mwingine."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, dada. Nisamehe."

Kosa halikuwa lake, lakini nilishindwa kumwambia hivyo. Tulikaa kwenye benchi, kila mmoja akilia kivyake, hadi muuguzi alipokuja kuuliza kama tunataka kumuaga.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba nikimwona tu, nitamjua. Kitandani alilala mama mmoja mwembamba, nywele zimekwisha. Sikumtambua. Ilinibidi nimgeuze mkono taratibu, nisome jina lake kwenye utepe wa hospitali.