Mkono Uliofuta Majani

Vumbi la Dodoma liliingia sebuleni, jekundu, kali. Likalala juu ya makochi, juu ya picha, juu ya nywele zetu. Juu ya ua lako, mama, halikulala hata siku moja.

Lilining'inia dirishani, katika nyumba yetu ya Area D, likitambaa hewani hadi karibu na sakafu, na vishada vyake vyeupe vikinukia asali. Ulifuta jani moja moja kwa kitambaa kibichi. "Taratibu, mwanangu," uliliambia. Ua lilikuwa mwanao. Sisi tulikuwa migongo tu, ya fimbo.

Mdogo wangu Batholomeo alikuwa na miaka saba alipochuma kishada kimoja akuletee. Alikushikia kwa mikono miwili, akicheka. Ukachukua mchi wa kinu. Nikausikia mfupa ukivunjika. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena.

Mwaka huu, mama, ukapooza upande mmoja. Nikarudi kukuuguza. Nikakulaza sebuleni, nikakuosha, nikakulisha uji, nikakugeuza. Na kila asubuhi, kwa ulimi mzito: "Yasinta, ua limekunywa?" Nikaloweka udongo, nikaacha maji yachuruzike, nikafuta majani. Sikukata vikonyo vikuukuu, maana hapo hapo ndipo linapochanua tena. Hata hilo ulinifundisha kwa kofi.

Jumamosi Batholomeo akafika kutoka Gulwe, anakoishi. "Shikamoo, mama."

Ukautazama mkono wake uliopinda, ukalitazama dirisha. "Usiliguse ua langu."

Miaka kumi na tisa hamjaonana, mama, na ukampokea kwa hayo.

Hakuligusa yeye. Nililigusa mimi. Nikalivuta, nikalichana, nikalikanyaga, nikalichana tena, utomvu mweupe ukinitiririka viganjani kama maziwa. Chungu nikakibamiza ukutani, juu ya kichwa chako, udongo ukakumwagikia shukani. Nikakuinamia. Nikainua mkono.

Ukakinga uso. Kwa ule mmoja uliobaki mzima, mama, ukakinga uso kama tulivyokuwa tukikinga sisi.

Batholomeo akanidaka. "Dada. Dada, basi."

Nikaushusha mkono wangu. Nikapiga magoti, nikakuambia yamekwisha, hakuna anayekupiga. Nikarudia, nikarudia. Uji ukapoa. Jua likahama ukutani. Batholomeo akaketi sakafuni, akalia bila sauti.

Wewe, mkono wako, hukuushusha.