Arlys na Mstari wa Kati

Haya alinisimulia Arlys Tjaden mwenyewe, mwezi wa pili mwaka jana, siku tuliyomzika kocha wake wa chuoni, Bi Marvel Oltmann. Tulikuwa jikoni kanisani, tunapanga nyama ya nguruwe kwenye mikate kwa ajili ya wafiwa. Arlys akaweka kisu chini, akatazama theluji dirishani, akacheka peke yake. "Siku kama hii," akasema, "marehemu nusura anitoe kwenye timu." Basi akaanza, na mikate ikatusubiri.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Arlys alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana mfupi, mabega yamejengeka kwa kubeba ndoo za maziwa. Katika chuo kizima cha Tilden hakukuwa na mikono myepesi kama yake kwa kunyang'anya mpira. Kunyang'anya ndiyo kazi aliyolelewa nayo. Kwao Iowa, siku zile, wasichana wa sekondari walicheza mpira wa kikapu sita kwa sita. Mstari uliugawa uwanja katikati. Walinzi watatu walibaki nusu ya huku, wafungaji watatu nusu ya kule, na mlinzi akiuvuka tu, filimbi inalia. Ukishapata mpira unausogeza hadi mstarini, unamrushia mwenzako aliye ng'ambo, halafu unasimama mikono kiunoni unamtazama yeye akifunga. Arlys alisimama hivyo miaka minne. Katika maisha yake hakuwahi kufunga hata goli moja.

Chuoni walicheza watano kwa watano, uwanja mzima ni wako. Kichwa chake kilielewa siku ya kwanza. Miguu ndiyo iliyokataa. Ananyang'anya mpira, anatoka mbio, mbele hakuna mtu, lakini akifika katikati anasimama ghafla kama aliyefika ukutani. Mechi mbili zilikwisha kupotea hivyo.

Jumamosi ile walikuwa wanakwenda kucheza Marquart, upande wa Nebraska, kwa watu ambao hawakuwa wamefungwa nyumbani kwao kwa miaka mitatu. Kabla basi halijafika daraja la Mto Missouri, Bi Oltmann alihama kiti akaja kuketi karibu naye. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyepandisha sauti.

"Arlys, mwanangu. Unajua kwamba ninakupenda?"

"Najua, Mwalimu."

"Basi nisikilize vizuri. Leo ukisimama pale tena, Jumatatu nafasi yako nampa mwingine."

"Sitasimama, Mwalimu."

"Usiniahidi mimi. Kazungumze na miguu yako."

Jolene Kruse, nahodha wao, akadakia kutoka nyuma, "Tumfunge kamba kiunoni, Mwalimu, tumvute!" Basi zima likacheka. Arlys naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa miguuni.

Ukumbi wa Marquart ulikuwa mdogo, jukwaa limeubana uwanja mpaka viatu vya watazamaji vinagusa chaki ya pembeni. Mchezaji wao mkubwa aliitwa Twyla Svoboda, msichana mrefu kupita mlango, ambaye alifunga bila haraka, kama mtu anayepanga sahani kabatini.

Baba yake Arlys, mzee Gerrit, alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe akalifuata basi kwa gari lake la mizigo. Aliingia na kofia yake na chupa yake ya kahawa, akaenda kukaa nyuma ya goli ambalo Tilden walikuwa wanalilinda. Hakujiuliza. Tangu binti yake aanze kucheza alikaa upande huo, kwa sababu mwanawe alikuwa upande huo.

Dakika ya nne, Arlys alimpokonya Svoboda mpira. Akatoka. Uwanja ulikuwa wazi kama shamba baada ya mavuno. Akafika katikati, akasimama.

Halafu kijana mmoja jukwaani akapaza sauti, "Angalieni! Waya una umeme!"

Wote mle ndani walikuwa watoto wa wakulima, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa habari ya uzio wa umeme unaomzuia ng'ombe. Kicheko kikapanda hadi darini. "Ng'ombe wa Iowa anaogopa uzio!" Kuanzia hapo, kila Arlys alipoukaribia mstari, jukwaa zima lilivuma: "Zzzzzz!" Akasimama mara ya pili. Bi Oltmann akamtoa, na Arlys alipopita mbele yake hakumwangalia.

Wakati wa mapumziko Tilden walikuwa nyuma kwa pointi tisa. Arlys alimkuta baba yake kwenye ujia, karibu na bomba la maji ya kunywa.

"Umeona, baba."

"Nimeona." Mzee akafungua chupa, akajimiminia kahawa kidogo. "Unamkumbuka Klara?"

"Yule ng'ombe mwenye doa jeupe?"

"Huyo huyo. Waya tuliutoa msimu wa mavuno. Mpaka Krismasi alikuwa bado anasimama palepale ulipokuwa, nyasi anaziona ng'ambo, analia njaa."

"Kwa hiyo mimi ni Klara."

"Sijasema hivyo. Klara alikuwa na maziwa." Arlys akacheka huku machozi yakimlengalenga. Mzee akaendelea, "Mimi nilimsukuma kwa nyuma wiki nzima. Kumbe kosa lilikuwa langu. Ukimsukuma ng'ombe anajizika miguu." Hapo Jolene akaita kutoka chumba cha wachezaji, "We Arlys, njoo bwana!" na maneno yakakatika.

Kipindi cha pili alikaa benchi. Wenzake walipigana, wakapunguza zile tisa zikawa tano, zikawa tatu. Dakika mbili zikibaki Jolene akapata faulo ya tano, ambayo humtoa mchezaji, akatoka akimtazama refa kama anayetaka kumuuma. Bi Oltmann akageuka kulitazama benchi. Macho yake yakasimama kwa Arlys.

"Nenda," alisema, basi.

Arlys aliingia, akatazama nyuma ya goli walilolilinda kumtafuta baba. Pale alipozoea kukaa hapakuwa na mtu. Akajua moyoni kwamba mzee ameona aibu, au ameogopa theluji, ameondoka.

Matokeo yalikuwa sitini na moja kwa hamsini na nane. Zilibaki sekunde ishirini hivi. Svoboda alishusha mpira chini kidogo tu, na Arlys akauchukua kama mtu anayeokota yai chini ya kuku.

Akatoka. "Zzzzzz!" Jukwaa lote limesimama. Mstari ukaja, na miguu ikaanza kuwa mizito, ile ile, aliihisi ikijizika.

Ndipo akasikia bati linagongwa. Mbele kabisa, nyuma ya goli la Marquart, upande ambao hajawahi kukaa hata siku moja, baba yake alikuwa amesimama, anagonga kikombe cha ile chupa ya kahawa kwenye chuma cha jukwaa, kama anavyogonga ndoo ya nafaka jioni, na sauti yake ni ile ile ya malishoni: "Njoo, mama, njoo! Njoo, njoo, njooo!"

Arlys aliangua kicheko. Anasema hakumbuki kuuvuka mstari. Anakumbuka tu kwamba alipomaliza kucheka, goli lilikuwa juu ya kichwa chake. Akarusha. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka kwenye chuma kama unatafuta mlango, ukaingia.

Sitini na moja kwa sitini. Marquart wakaukamata mpira wakazungushiana mpaka kengele ikalia. Tilden wamefungwa, kwa pointi moja.

Lakini wazee wa Nebraska waliokaa jirani na mzee Gerrit walikuwa wanapiga makofi, na mmoja alikuwa anafuta macho. "Sijasikia ng'ombe akiitwa vizuri namna hiyo tangu baba yangu afariki," alimwambia.

Bi Oltmann alikuwa anakunja makaratasi yake. "Jumatatu, mazoezi saa tisa alasiri," akamwambia Arlys. "Usichelewe." Halafu akamshika shavu, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.

Kufika saa kumi na mbili jioni daraja lilikuwa limefungwa kwa theluji. Hakuna wa kwenda. Wakaletewa magodoro ya mieleka yakatandazwa pale pale uwanjani, na wasichana wa Marquart wakaja na mablanketi. Svoboda mwenyewe alibeba sufuria la maharage na nyama yenye pilipili, na sinia la mikate mitamu ya mdalasini.

"Haya, ng'ombe wa Iowa, malisho yenu."

"Lete, mnara," Jolene akamjibu. "Inama usije ukavunja taa." Kisha akaona wenyeji wanachovya ule mkate mtamu kwenye maharage. "Yesu wangu! Mnakula hivyo kweli?"

"Onja kwanza, ndiyo utukane."

Akaonja. Akala mitatu.

Ule ukumbi ulishabomolewa. Ile sita kwa sita nayo imekwisha, wajukuu wa Arlys wanadhani bibi yao anawatania. Mzee Gerrit amelala makaburini karibu na shamba. Kikombe kile anacho Arlys, ukingo umebonyea, anapimia unga.

Usiku ule, taa zilipozimwa ilikuwa haijafika hata saa tatu. Mzee Gerrit alijilaza kwenye ubao wa jukwaa, kofia usoni.

"Baba. Niliona kiti chako kitupu, nikadhani umeenda."

"Nilikuwa nimekaa mahali pasipofaa," akasema chini ya kofia. "Miaka yote hiyo nyuma yako. Lala sasa."

Muda si muda akawa anakoroma. Jolene akafuata, kisha Bi Oltmann, ameketi, mkoba magotini. Arlys akainuka taratibu, akaburuta godoro lake mpaka katikati ya uwanja, akaliweka juu ya mstari, akajilaza, kichwa upande huu, miguu upande ule. Akasikiliza theluji ikigusa vioo. Akausogeza mguu mmoja mbele kidogo, kujaribu tu, na kabla hajaurudisha usingizi ukamchukua.