Jiko Lenye Milango Miwili

Mwaka mzima Kathini alikuwa akitazama elektroni zikinyimwa njia. Ndani ya tarakilishi yake kulikuwa na kitone cha kwanta, kijumba kidogo mno kiasi kwamba elektroni moja ikiingia, nyingine hazina nafasi. Kila upande kuna sumaku, na elektroni nayo ina mwelekeo wake. Sumaku zikielekea pamoja, elektroni hupita. Zikielekea kinyume, iliyoingia hunasa, na za nyuma zinabaki foleni.

Nyumbani kwao, milimani juu ya mji wa Salama, mambo yalikuwa yale yale. Babake, Musyimi, na baba mdogo Mbuvi waligombania fahali wa marehemu baba yao, kisha wakajenga ua na kugeuza malango: hili likatazama barabara, lile mlima. Wanaume wazima, ndevu zina mvi! Katikati lilibaki jiko la mama yao, ambaye Kathini alimwita susu, lenye mlango kwa kila mwana.

Jumamosi watu wa Mwau, mchumba wake, wangeleta mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia posa, na kwa mila yao mbuzi hao hawapokelewi baba mdogo asipokuwepo. Mama alikwenda kumwomba, akarudishwa langoni. Pasta naye alipokwenda, aliambiwa ametumwa na Musyimi. Kathini alilia, kwa kuwa alimpenda Mwau, na alimpenda baba mdogo pia.

Alhamisi asubuhi aliamua kukatiza jikoni, atokee kule akamwambie Mbuvi aache utoto. Susu alikuwa akiambua mbaazi. Alimsogezea ungo tu. Utamkatalia susu vipi? Kathini akaketi.

Moshi ulipanda polepole ukitafuta paa. Mbaazi zilidondoka, tii, tii. Macho yakawa mazito, naye akajiona elektroni ndani ya kile kijumba, haisukumi tena mlango, inageuka taratibu kama moshi ule. Alipozinduka, jua lilikuwa limehamia mlango wa pili. Ndipo akakumbuka mkondo mwembamba uliokuwa ukitokea kwenye hesabu zake, ambao aliudhania kosa. Elektroni iliyokaa sana ndani hugeuka mwelekeo, na upande wa pili huikubali. Akaitafuta hasira aliyoingia nayo, asiione.

Susu alimpa bakuli la muthokoi. "Mpelekee Mbuvi kabla haujapoa."

Mbuvi alikuwa amesimama langoni, mikono nyuma.

"Umetumwa na babako?"

"Nimetoka kwa susu. Nimeshinda huko."

Mbuvi aliyatazama maganda ya mbaazi kwenye sketi yake, akanusa moshi nguoni mwake, moshi wa jiko alilolelewa. Akapokea bakuli, akaketi juu ya jiwe, akala mahindi na maharagwe yale. Kathini alingoja. Hakuwa na haraka tena.

Mbuvi akaliweka bakuli chini, tupu.

"Hao wageni wa Jumamosi," akasema, "wanafika saa ngapi?"

Kathini alitaka kujibu, machozi yakamtangulia.