Plasta ya Mzalendo

Katika karakana yetu ya useremala hakuna anayeipenda nchi hii kunizidi. Wimbo wa taifa nauimba mpaka mishipa ya shingo inanisimama. Timu ya taifa ikicheza, napaka uso rangi zote za bendera. Ndiyo maana wananiita Bendera. Na kauli yangu wanaijua: damu yangu ni mali ya nchi, waje tu kuichukua.

Basi wakaja.

Asubuhi moja gari la kukusanya damu liliegeshwa mlangoni kwetu. Nikapanda juu ya rundo la mbao, nikahutubia mpaka mafundi wakapanga foleni. Wa kwanza kukunja mkono wa shati alikuwa fundi mkuu, mzee anayeisema serikali tangu chai ya asubuhi mpaka tunafunga.

"Mzee, si unaichukia nchi wewe?" nikamtania.

"Nani kakwambia? Nchi si dada yako yule na tumbo lake la miezi tisa? Shuka huko, zamu yako inakuja."

"Tangulieni. Mimi nafunga foleni."

Kisha nikaiona sindano. Nikazunguka nyuma ya mbao, nikachomoa plasta kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, nikaibandika kiwikoni, nikarudi nachechemea, kana kwamba damu hutolewa mguuni.

"Umetoa?" akauliza fundi mkuu.

"Pipa zima."

Kesho yake dada akajifungua salama hospitalini, ila damu ikagoma kukatika. Muuguzi akatoka mbio. "Damu ya kundi lake imetuishia. Tumeagiza hospitali nyingine, gari liko njiani. Nani hapa ni wa kundi hilo?"

Mimi. Siku tulipopimwa, dada alicheka kwamba baada ya nguo zake sasa nimemwibia na damu.

Mama akanishika mkono. "Ni huyu tu," akasema, na hata katika hofu ile sauti yake ilikuwa na fahari. "Ila katoa jana, mtazame."

Muuguzi akaitazama plasta. "Aliyetoa jana hatoi leo."

"Usijilaumu, kijana," fundi mkuu, aliyetuleta hospitalini, akanipigapiga bega.

Ningeweza kusema. Mdomo ule ule wa hotuba ukawa mzito kama gogo bichi. Gari liko njiani, nikajiambia.

Gari lilifika. Dada hakulisubiri.

Tuliporudi kutoka makaburini, mama alikaa dirishani, amempakata mjukuu wake. Akaniita.

"Angalau damu yako itamfaa mtoto wa mwenzangu," akasema. "Dada yako angefurahi. Lete mkono tuibandue hii, imeshachafuka."

"Acha tu, mama."

"Lete."

Plasta ikatoka. Mama akausogeza mkono wangu kwenye mwanga. Akapangusa ngozi kwa kidole gumba, akapangusa tena. Kisha akaomba mkono wa pili, akautazama nao.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "walikuchoma wapi?"