Muziki Usioshtua

Fundi cherehani alikuwa amebakiwa na jicho moja tu. Lile la kushoto lilipotea siku alipopasuliwa, mtu alipoangusha beseni la chuma kando ya kitanda, naye akashtuka. Hakushtuka sana, kiasi cha mtu aliyeitwa ghafla kutoka nyuma. Lakini kifaa kilikuwa ndani ya jicho, na hapo hapakuwa na la kusamehewa. Sasa mtoto wa jicho alikuwa ameingia la kulia pia, ukungu juu ya ukungu, na kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kwa kupapasa.

"Safari hii ukitikisika, mama, sina la akiba la kukupa," daktari wa macho alimwambia, wala hakuwa akitania. Angepigwa ganzi, maumivu asiyasikie, ila hatalazwa usingizi. Kwa hiyo achague muziki wa klasiki, ule laini wa ala tupu bila kuimba, ausikilize nyumbani kila siku katika shughuli zake mpaka auzoee kama sauti za jikoni kwake. Siku ya upasuaji wangeuwasha mlemle chumbani, ufunike milio ya vyuma.

Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, ndiye aliyeleta nyimbo kwenye simu. Wa kwanza ulianza kwa upole wa mtu anayebembeleza mtoto. Fundi akalegeza mabega, akaendelea kushona, mara ngoma na tarumbeta zikalipuka kwa pamoja, sindano ikamwingia kidoleni.

"Huyu aliyetunga alikuwa na ugomvi na majirani zake," alisema akinyonya kidole. "Toa!"

Wa pili ulikuwa wa fidla peke yake, ikalia mpaka fundi akamkumbuka marehemu mumewe, nao ukatolewa. Wa tatu ulikuwa na tabia ya kunyamaza katikati, na kila ukinyamaza fundi alikaa roho juu akingoja kitakachofuata. Mwishowe ikapatikana piano moja ya taratibu, inakwenda kama mtu anayetembea bila kufukuzwa na yeyote.

Huo ndio akaushika. Akaufagilia, akaupikia, akaukunjia nguo. Zaidi ya yote akaushonea, kutwa nzima, miguu ikikanyaga cherehani polepole kufuata piano. Majirani wakamtania kwamba siku hizi fundi anashona kama yuko hoteli kubwa. Aliwaacha wacheke. Kila asubuhi alipofumbua jicho, kitu cha kwanza kilikuwa hofu kwamba leo hata ule ukungu hatauona, na dawa yake ilikuwa kunyoosha mkono kuiwasha ile simu.

Siku ikafika. Alilazwa chali, uso ukafunikwa kitambaa chenye tundu la jicho tu. Vidole vilikuwa vimekamata shuka. Juu yake palikuwa na taa iliyoyeyuka kama siagi. Alikuwa akiwaza beseni tu. Muuguzi akaiweka ile simu ya nyimbo kwenye rafu, piano ikaanza.

Ajabu, hofu ikamshuka. Pumzi ikarudi, vidole vikaachia shuka. Akajiona yuko dirishani kwake, kitambaa mbele yake, na kazi inakwenda.

"Acha! Acha mguu!" daktari alifoka.

Kila kitu kikasimama. Fundi akasikia pumzi nzito ya daktari juu ya uso wake.

"Nimetoa mkono kwa bahati tu. Mama, mguu wako unafanya nini? Kitanda kizima kinatikisika."

Fundi akausikiliza mguu wake. Wa kulia ulikuwa bado unakanyaga, kisigino chini, vidole chini, kisigino chini.

"Unashona, daktari," alijibu.

Hakuna aliyecheka. Daktari akasema jicho liko wazi tayari, hakuna kurudi nyuma. "Muziki ukiendelea, mguu unashona. Nikizima, utaogopa. Wewe ndiye unayejijua, niambie."

Fundi aliogopa kuliko siku yoyote maishani mwake. Alitamani kuomba aachwe aende zake na ukungu wake. "Zima," alisema. "Nitaogopa bila kutikisika."

Piano ikakatwa. Muuguzi akaushika ule mguu kwa mikono miwili, kwa nguvu. Hapo ndipo fundi aliposikia yote, chuma kikigusa chuma, mashine ikinyonya, viatu vikiburuzwa sakafuni, mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kila mlio ulimpasua moyo, na kila mara alijikaza asifanye lolote. Fundi akafa ganzi kwa woga, akabaki kama gogo, mpaka daktari aliposema, "Tumemaliza."

Kesho yake wakafungua bandeji. Fundi alikaa kitini amelifumba jicho.

"Fumbua, mama," daktari alisema.

"Bado."

"Nikuwekee muziki?" mkwewe aliuliza.

"Weka uone!"

Akasikia kwamba wote wawili wamebana pumzi, nao wanaogopa kama yeye. Hilo likamzidi nguvu, akafumbua.

Mkwewe alikuwa amesimama karibu kabisa. Fundi akamtazama kwa muda mrefu, hata daktari akaanza kuingiwa na wasiwasi. Kisha akanyoosha kidole.

"Nani aliyekuharibia kitambaa hiki? Bega moja limepanda, jingine limeshuka, mshono wa mkono umekwenda upogo. Niambie ni fundi gani, nikamfundishe kazi!"

Mkwewe akalishika bega la gauni. "Ni wewe, mama. Ulinishonea mwezi uliopita."

Fundi akakishusha kidole. "Na wateja wangu?"

"Wanavaa, mama. Hakuna aliyerudisha hata moja."

"Usilie sasa," daktari alimwahi, "jicho bado bichi." Fundi akauma midomo, akamvuta mkwewe karibu, akaanza kufumua lile bega kwa kucha palepale kitini.