Farasi wa Khalidi Karudi Bandani

…na sasa kamrudisha, hata haya hana, farasi aliyemtoa dakika tano zilizopita kamrudisha palepale alipoanzia, Sihaba aliutazama ule ubao mdogo wa chesi uliowekwa kwenye benchi la kivuko, kati yake na Khalidi, akadhani macho yanamdanganya, mtu gani anaanza mchezo kwa kusukuma askari wa pembeni kabisa, kama anayejenga nyumba akaanza na pazia la choo, halafu anarudi nyuma, nyuma, mpaka jeshi zima limejipanga ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari, na mfalme bado kasimama katikati ya barabara… "Zamu yako," Khalidi alisema, akiivuta kofia chini, kofia ya sufu, saa sita hii ya mchana, ziwa linameta mpaka macho yanauma… lazima kuna mtego, fundi wa friji kama yeye si mjinga, lakini Sihaba aliutafuta huo mtego mraba kwa mraba, hakuuona, aliona woga tu, na woga huo anaujua, mwaka juzi walikubaliana wavuke ziwa kwenda Kamanga kwa baba mdogo Yunus, aliyemlea Sihaba, Khalidi ajitambulishe, akaumwa jino, mwaka jana wakafika mpaka getini, tiketi mkononi, akakumbuka hajachomoa pasi, pasi, mtu mwenye mashati mawili… leo kapanda, ni kweli, lakini kapanda kama anayepelekwa mahakamani, "Mambo mazuri hayataki haraka," ndiyo wimbo wake, na Sihaba kazi yake kungoja, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, ana duka la vitambaa Kirumba, mashangazi wa Kisesa wanamuuliza kila msiba, "Huyo wako yupo kweli, au anaishi kwenye simu?"… Odeta, Mhaya aliyemfundisha mchezo huu, asiyejua kubembeleza, alishamwambia, aliyejikunyata usimngoje ajinyooshe, wewe jeshi lako liko nje, fungua katikati, upepo umpige… na kweli liko nje, farasi wawili, maaskofu wawili, ngome imekodoa macho kuelekea kwa mfalme, kilichobaki ni kusukuma askari mmoja, basi anamwonea haya nani… "Unafikiria sana," Khalidi alisema, "Nafikiria," kidole kikamgusa askari, kikaganda hapo, maana wazo lilimkwama kooni kama mwiba wa sato, huyu si mpole, huyu hanitaki, jino lile, pasi ile, hanitaki… "Khalidi, hunitaki?" lilitoka lenyewe, "Nani kasema?" "Farasi wako"… Khalidi akaivuta kofia tena, "Sihaba, baba mdogo wako si aliwahi kuwa na friji ya bluu?" ya bluu, ndiyo, miaka minne sasa, ile iliyojazwa sato wa khitima ya bibi, fundi akaja asubuhi kuitengeneza, kufika jioni imekuwa jiko, samaki wote wakaoza, wageni wakala wali na chumvi, baba mdogo akaapa mbele ya shehe kwamba sura ya yule fundi hataisahau mpaka kaburini… Sihaba alimtazama Khalidi, akaitazama kofia, "Wewe!" "Niliunganisha nyaya kinyume," alisema kwa sauti ya mtu anayekiri kuua, "nilikuwa sijakujua bado"… miaka mitatu, miaka mitatu kwa sababu ya samaki, alitaka kukasirika, lakini kicheko kilikuwa kinapanda kutoka tumboni, kumbe ananitaka, ananitaka mpaka anavaa sufu juani, masikini… ila huruma isije ikamponza, huyu ukimhurumia anaota jino jingine, akamsukuma askari wa katikati, Khalidi akamla, naye akamla aliyemla, njia ikafunguka nyeupe kutoka kwenye ngome yake mpaka miguuni pa mfalme, "Cheki," alisema, Khalidi akashika kichwa, "Aa, Sihaba, hivi sasa hivi?" "Sasa hivi," maana aliyekuwa akingoja ni nani hasa, si ni mimi mwenyewe, mimi niliyekaa na jeshi zima nje miaka yote hii nikisubiri ruhusa ya mtu aliyejificha… mbele, nyumba za Kamanga zilikuwa bado ndogo kama viberiti, injini inanguruma vilevile, na Sihaba alishaanza kuyapanga maneno kimoyomoyo, shikamoo baba mdogo, huyu ndiye niliyemchagua, na kabla hujamwangalia vizuri, nakuomba ukae chini…