Tawi la Pafu la Kulia

Jumanne asubuhi, hospitalini, Msasa alivua shati, mkanda na saa yake mbovu, akaviweka kwenye kiti cha plastiki, kisha akamgeukia shemeji yake aliyekuwa bado anapigana na vifungo.

“Unaogopa nini? Kifua chenyewe hicho, hata mbu anakipita.”

“Afadhali changu, shemeji. Chako kimehamia tumboni.”

Huyo shemeji, mdogo wake mke wa Msasa, aliitwa Kasi. Wote wawili walifanya kazi kwenye karakana ya kukata mawe ya meza za jikoni: Kasi kwenye msumeno, Msasa kwenye kung'arisha. Kasi alikuwa akikohoa tangu mvua zilizopita. Picha ya kwanza ya eksirei ilionyesha doa jeupe, na daktari wa kampuni akasema ni kivuli cha moyo. Kwa hesabu zake, moyo wa Kasi ulikuwa na kivuli kirefu kama cha mnara wa simu. Ndiyo maana asubuhi hiyo mke wa Msasa, aliyemlea mdogo wake tangu anatambaa, alimwambia mumewe mlangoni, “Huyu akirudi na kivuli tena, wewe usirudi.”

Bahati nzuri hospitali ilikuwa imepata mashine mpya, na hospitali nzima ilikuwa imechangamka kama nyumba yenye harusi. Wapishi walikuja kuitazama na miiko mkononi. Mlinzi aliacha geti likijilinda lenyewe. Mashine ya zamani ilipiga picha moja bapa, kila kitu kimelaliana, mbavu juu ya moyo na moyo juu ya pafu, kama nguo kwenye beseni. Hii mpya ilikizunguka kifua kama mtu anayekagua gari kabla ya kulinunua, ikapiga picha nyingi kwa mionzi kidogo tu, halafu kompyuta ikazipanga. Hapo ukaweza kuingia ndani ya mtu tabaka kwa tabaka, kama unakata mkate.

Aliyeiendesha ni mama mmoja mwenye miwani ambaye wagonjwa walimwita Vuta-Pumzi, kwa sababu hiyo ndiyo kauli aliyoshinda nayo.

“Vuta pumzi. Shikilia. Wewe, usicheke! Haya, achia.”

Alianza na Msasa. Kioo cha kompyuta kilionyesha kifuani mwake msingi uliochimbwa, marundo ya mchanga, na wanaume wawili wakibishana kuhusu kamba ya kupimia. Vuta-Pumzi akasema si mbaya kwa umri wake. Kisha akamweka Kasi.

“Huyu ana karakana,” alisema, akiendelea kupekua matabaka. “Pafu la kulia, juu. Imeshaezekwa.”

Msasa akasogea. Kweli. Kuta zilikuwa za vumbi la mawe lililoshindiliwa vizuri, mabati yamenyooka, na ndani watu wadogo kiasi cha punje ya mchele walikuwa wanakata mawe. Msumeno ulikuwa pale pale unapokaa kwenye karakana yao. Kwenye kona kulikuwa na ofisi, na kwenye ofisi kiyoyozi. Dada yake Kasi alikuwa akilalamika kwamba mdogo wake akilala ananguruma kama friji. Basi jibu likawa hilo.

“Na choo wamekiweka wapi?” mpishi mmoja aliuliza.

Vuta-Pumzi alipekua tabaka tatu, nne. “Hawajajenga.”

“Kama kwetu tu!” Kasi akasema, amejaa furaha. Mwaka mzima alikuwa ameitwa mvivu, na sasa uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyefaulu mtihani. “Shemeji, umeona? Si kivuli! Mama, hebu waambie na hawa, si kivuli!”

“Kivuli hakiezekwi,” Vuta-Pumzi alisema.

Daktari wa mapafu alikuja, akatazama, akaeleza bila kuzunguka. Kubomoa haiwezekani, kuta zimeshikana na nyama. Lakini wale wanajenga kwa vumbi. Vumbi likikatika, ujenzi unasimama, na pumzi iliyobaki inabaki. Jiwe limwagiwe maji wakati linakatwa, basi. La sivyo watapandisha ghorofa, na Kasi hatakuwa na pa kuweka hewa.

Kule karakana maji yalikuwepo. Msumeno ulikuja na mpira wake wa maji, ila meneja alikuwa ameng'oa kishikio cha bomba na kukifungia kwenye droo, kwa kuwa jiwe lililolowa linachelewa kukauka na gundi haishiki upesi. Kishikio kilitoka drooni siku ya mteja tu, jiwe likaoshwa ling'ae mbele ya macho yake.

Walirudi karakana mbio mbio, Msasa ameikumbatia diski ya picha ndani ya shati. Njiani Kasi alisimama mara kadhaa kuvuta pumzi, na kila aliposimama alicheka. Leo, bosi atasema nini leo?

Meneja hakuwa mtu wa kufoka. Aliiweka diski kwenye kompyuta, akavuta kiti, akapekua tabaka moja moja. Msasa alimkanyaga shemeji yake mguu chini ya meza kwa raha.

“Jengo zuri,” meneja akasema. “Limejengwa kwa kitu gani?”

“Kwa vumbi la hapa, bosi.”

“Vumbi langu.” Alilisema taratibu, kama mtu aliyeambiwa ana kiwanja mahali. “Basi hili ni tawi.”

“Bosi, daktari anasema maji...”

“Ngoja kwanza. Wanatoa meza ngapi kwa siku?”

“Sijawahi kuwahesabu,” Kasi alijibu. “Muda huo na mimi huwa nipo kazini.”

“Sasa Msasa, tazama mwenyewe. Wanakata kavu, na hakuna hata mmoja anayekohoa. Wewe unaniletea habari za maji.”

Msasa aliinama kwenye kioo cha kompyuta. Mmoja alikuwa anakohoa, ameishika meza kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Kabla hajanyoosha kidole, meneja alikuwa ameshahamia tabaka lingine, anatafuta geti la mizigo.

Wiki hiyo wafanyakazi wote walipakiwa kwenye lori wakapigwe picha. Lori zima liliimba. Mzee wa gundi alikutwa na ghala la ghorofa mbili, akatembea kifua mbele mpaka jioni; kijana aliyekutwa hana hata msingi alifarijiwa na wenzake. Kwenye bango la karakana yakaongezwa maneno “na matawi yake”. Kasi akafanywa msimamizi wa tawi, akapewa kofia ngumu ya njano.

Dada yake aliipokea ile kofia, akaigeuza, akachungulia ndani.

“Na maji?”

“Bado,” Msasa akasema.

“Nilikukabidhi mdogo wangu na mapafu yake mawili.”

Kesho yake Msasa alikwenda kazini na koleo mfukoni. Aliushika kwa koleo mkia wa bomba uliobaki bila kishikio, akaupinda, na maji yakatoka. Msumeno ulikata jiwe kwa sauti nzito, tope likachuruzika sakafuni, hewa ikawa safi mpaka wakaonana mwisho wa ukumbi na kupungiana mikono kama watu waliokutana safarini. Kasi hakukohoa mpaka saa ya chakula. “Shemeji!” alipiga kelele. “Nasikia harufu ya kahawa ya ofisini!”

Alasiri meneja alishuka. “Tawi limelalamika,” alisema. “Tangu asubuhi halijapata malighafi.” Akafunga bomba kwa lile koleo, akaondoka nalo.

Baadaye alizoea kukagua mwenyewe. Alimsimamisha Kasi kando ya msumeno, akamwekea sikio kifuani upande wa kulia, akasikiliza huku amefumba macho. Siku moja alinyanyua kichwa, hakupendezwa.

“Mbona wamepoa?”

Kasi alishika meza. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kutosha kujibu.

“Samahani, bosi. Nitawaambia waongeze bidii.”

Akawasha msumeno. Vumbi jeupe likapanda, likamfunika Msasa nyusi. Naye, akiwa karibu kiasi cha kugusana bega na shemeji yake, alisikia ile misumeno midogo ikiwaka kifuani, mmoja baada ya mwingine, mpaka yote ikawa inakwenda.